Kona, Mpiga Saksafoni Asiyerudia

Jumapili ile Kona aliamka akiwa ameshaamua: leo Nyundo anafukuzwa. Si kwa ugomvi wala matusi, lakini anafukuzwa. Alikunywa chai yake amesimama dirishani, akayapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya, na kila alipofika kwenye sentensi ya mwisho roho ilimsinyaa. Unamwambiaje mtu uliyepiga naye muziki tangu wote wawili mna nywele nyeusi kwamba sasa basi? Na lazima aambiwe, kwa sababu onyesho la ukumbi mkubwa lilikuwa mwezi ujao, na Kona alishaapa kwamba hapandi jukwaa lile na mtu anayerudia.

Hapo ngoja nieleze, maana kuna msomaji ameshakunja uso. Kurudia nini? Si ndiyo kazi ya mwanamuziki, kurudia wimbo mpaka watu waujue? Kwa wengine, ndiyo. Kona anapiga jazi huria, na jazi huria haina wimbo. Haina pa kuanzia palipoandikwa wala pa kumalizia. Watu wanakaa, mmoja anatoa sauti, mwenzake anaisikiliza, anaijibu, na kutoka hapo wanakwenda wasikokujua. Ukiwasikia mara ya kwanza utadhani wanagombana. Mke wa Kona amewasikia nusu ya maisha yake na bado anadhani wanagombana.

Na walikuwa na masharti, wale wawili, makali kuliko ya kambi ya jeshi. Hakuna mazoezi. Hakuna kurudia ulichopiga jana. Hakuna kujisikiliza kwenye kanda, redio wala simu. Na muziki ukiisha hauzungumzwi: kilichopigwa kimepigwa. Vijiti vinawekwa chini, saksafoni inafutwa mate, watu wanaulizana habari za nyumbani. Sharti hilo la mwisho alilitunga Kona mwenyewe na alijivunia sana. Lishike, maana ndilo lililowaponza.

Jina la Kona alipewa akiwa polisi. Alikuwa kijana wa bendi, kofia imenyooka, vifungo vinang'aa, na pumzi ya kujaza tairi la lori. Siku ya gwaride kubwa, mbele ya mgeni rasmi, sauti ya saksafoni yake iligonga ukuta wa jukwaa ikamrudia kwa kuchelewa. Wenzake walisikia mwangwi, basi. Yeye alisikia mtu anamuuliza swali. Mimi na wewe tungenyamaza tukalinda mshahara. Yeye akajibu. Akaivuta noti, akaipinda, akaingoja irudi, akaijibu tena, na askari, ambao miguu yao ilikuwa inafuata muziki, wengine wakaenda na ngoma na wengine wakaenda na yeye. Kikosi kikatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Mchana huohuo mkuu wa bendi, mwanamume wa masharubu na kifimbo, akamwita. "Kijana, wimbo umenyooka, wewe unakata kona," akamwambia. "Haya, lango lile pale, kakatie kona huko nje." Akamwaga unga hivyohivyo, na jina likamganda.

Baada ya polisi alipata kazi hotelini, kwenye bendi ya kuburudisha wageni wakati wa chakula. Nyimbo zilezile, mpangilio uleule, kila jioni, huku watu wanatafuna. Alivumilia kuliko wote waliomjua walivyotegemea. Halafu jioni moja akaachia kidogo tu, hata dakika hazikuwa nyingi, na meneja akaja mbio na kitambaa begani akasema wageni wanapata kiungulia. Kona hakubishana. Alipanguza saksafoni, akaiweka kwenye sanduku lake, akatoka kwa mlango wa jikoni, na hakupiga wimbo tena.

Nyundo, Kona alimpata barabarani, na hii napenda kuisimulia. Alikuwa anapita mbele ya gereji, sanduku mkononi, hana kazi, hana mbele wala nyuma, akasikia mtu ananyoosha mlango wa gari. Sasa mafundi bodi wote wanagonga. Huyu alikuwa anagonga kama anayeongea: anasema kitu, anasita, anajisahihisha, anacheka. Kona alisimama getini akasikiliza, akafungua sanduku, akajibu. Fundi hakuinua kichwa. Aligonga, Kona akajibu, akagonga, mpaka mwenye gari akaja kuchukua gari lake akakuta mlango una mabonde mengi kuliko ulivyoletwa. Jumapili iliyofuata fundi yule alikuwa amenunua dramu za mtumba, na gereji ikawa ukumbi wao.

Wakapiga popote walipokaribishwa, na hawakukaribishwa pengi. Walipiga kwenye maktaba ya chuo, kwenye karamu ya daktari wa macho aliyekuwa na masikio ya ajabu, kwenye bwalo la shule ambako Kona alifundisha watoto tarumbeta ili nyumbani kuliwe. Mara moja walikwenda redioni, na mapokezi wakajazwa simu za wasikilizaji wakilalamika redio zao zimeharibika. Mkewe, muuza dawa, aliendesha duka na nyumba na watoto, na akiulizwa mumewe anafanya kazi gani alisema "anapuliza" kisha akageuza mazungumzo. Kona aliyajua yote hayo. Kila mtu aliyecheka alimweka moyoni, na kila mmoja alimjibu moyoni vilevile: siku moja mtakaa mnisikilize.

Na siku hiyo ikaja amepita sitini. Meneja mpya wa ukumbi mkubwa wa mji, mwanamke mwenye sauti ya kutoa amri, alikuwa amewasikia zamani akiwa mwanafunzi, pale maktaba. Hakuwasahau. Aliwatafuta mwenyewe mpaka gereji, akakanyaga mafuta na viatu vyake vizuri, akawaambia anawapa jukwaa jioni nzima, hakuna bendi nyingine. Kona usiku ule hakula. Maisha yake yote alikuwa anawaambia watu kwamba kile anachofanya si upuuzi, ni ukweli wa dakika ileile, haujapigwa jana na hautapigwa kesho. Sasa angepata kuwaonyesha, mara moja, na akiharibu hakuna nyingine.

Ndipo alipoanza kumsikia Nyundo anarudia.

Mwanzoni alijitia hamnazo. Katikati ya kupiga, pale mambo yanapokolea, Nyundo alikuwa anagusa toazi, tin, tin, tin, anabingirisha vijiti kwenye ngoma ndogo, halafu ananyamaza kama anayengoja mlango ufunguliwe. Vizuri sana. Jumapili iliyofuata, tin, tin, tin, akabingirisha, akangoja. Na nyingine tena. Kona akawa anapiga huku sikio moja linalinda, na kila ilipokuja damu ilimchemka. Mtu hawi na jambo moja tu la kusema katika dunia nzima. Amechoka, alijiambia. Au amezeeka. Au ananidharau.

Basi Jumapili ile akaenda na maneno yake. Gereji ilinuka rangi na pasta ya kuzibia mabati, na dramu zilikuwa zimepangwa kati ya gari lisilo na milango na mashine ya upepo. Wakasalimiana, wakaanza. Na haikuchukua muda. Tin, tin, tin. Kona akaitoa saksafoni mdomoni katikati ya sauti, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Unarudia," alisema.

Nyundo aliviangalia vijiti vyake. "Narudia?"

"Wiki hii, wiki iliyopita, na ile kabla yake. Unagusa toazi, unabingirisha hapo kwenye ngoma ndogo, halafu unangoja. Unangoja nini?"

Kuna kitu kilipita usoni mwake, na Kona akakiita aibu.

"Nakungoja wewe, kaka," alisema.

"Usiningoje. Mimi nipo." Na kwa kuwa maneno aliyoyapanga dirishani yalikuwa yamemkimbia yote, akamtolea uvivu. "Onyesho nitapiga na mtu mwingine."

Alitegemea matusi. Alitaka matusi, kusema kweli, kwa sababu ukitukanwa unapata njia ya kuondoka na kichwa juu. Nyundo alivipanga vijiti vyake sambamba juu ya ngoma.

"Sawa," alisema.

"Sawa tu?"

"Ulitaka nipige magoti? Jukwaa ni lako, wewe ndiye waliyekukumbuka." Akainama akalegeza skrubu ya toazi ambayo haikuhitaji kulegezwa. "Ila tafuta mtu mpole, kaka. Tafuta mtu mwenye masikio, asiwe na haraka."

Kona alirudi nyumbani amefura. Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani, naye Kona akamweleza yote tangu mwanzo, toazi, ngoma ndogo, kungoja, na kwamba amemfukuza.

"Kwamba utamfukuza umeshaniambia," mkewe alisema.

"Nimekuambia saa ngapi?"

"Asubuhi. Ulikuwa pale dirishani na kikombe. Ukaniambia, ukakaa kidogo, ukaniambia tena."

"Sijafungua mdomo asubuhi ya leo."

Mkewe aliacha kukunja. Alimtazama kwa macho yake ya dukani, yale anayomtazamia mteja anayeomba dawa bila kusema anaumwa nini. Halafu akasema labda amechanganya siku, akaendelea na nguo. Kona alitoka chumbani akaubamiza mlango. Watu wote, alijiambia, wameamua kunitia wazimu kabla ya onyesho.

Mpiga mpya alipatikana upesi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye besi kubwa ya kusimama iliyomzidi urefu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yake. Kona alisogeza viti vya sebuleni ukutani, akamweleza masharti, naye akaitikia kwa adabu yote, "ndiyo mzee, sawa mzee." Alikuwa na masikio kweli. Siku ya kwanza walikwenda vizuri, ya pili vizuri zaidi, na Kona akaanza kulala tena. Mara mojamoja alimkumbuka Nyundo. Kila alipomkumbuka aliifukuza kumbukumbu yenyewe.

Siku ya tatu Mwalimu alikaza nyuzi zake, akasimama tayari, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mzee, ule wimbo wako tuanze nao leo, au tuuache uwe wa mwisho?"

"Wimbo gani?"

"Ule wa kila siku."

Kona akacheka. "Mwanangu, mimi sina wimbo. Tangu nitoke hotelini sijapiga wimbo."

Mwalimu naye akatabasamu, akidhani anapimwa. Akaushika uzi, akapiga: sauti nne zinapanda, moja inashuka, kimya kidogo, halafu zilezile tena na ya mwisho ikapindwa. "Huu," alisema.

Kona alikuwa tayari kuapa kwa chochote. Hakuwahi kuusikia. Ulikuwa mzuri, hata yeye aliona hivyo, na haukuwa wake. Akamwambia amewachanganya watu, huo atakuwa ameutoa kanisani kwao. Mwalimu akafadhaika, akaweka besi chini, akatoa simu kwenye mkoba.

"Nisamehe mzee, najua umesema hairuhusiwi. Nilirekodi ili nikajifunze nyumbani, nisije nikakuaibisha." Akabonyeza. "Hii ya siku ya kwanza."

Ilikuwa miaka mingi Kona hajaisikia sauti yake mwenyewe kutoka nje ya kichwa chake. Lakini ile haikuwa ya mwingine. Ule ukwaruzo mwanzoni mwa kila noti ni wake tangu polisi. Sauti nne zikapanda, moja ikashuka. Mwalimu akabonyeza tena. "Na hii ya juzi." Sauti nne zikapanda, moja ikashuka, kimya, na hata pumzi aliivuta mahali palepale.

Aliomba irudiwe. Na safari hii alisikia kitu kingine, kwenye kile kimya kidogo baada ya sauti inayoshuka. Besi ilikuwa inapapasa pale, haijui iweke nini. Kona alijua kinachokaa pale. Tin, tin, tin, vijiti kwenye ngoma ndogo, halafu kungoja. Kiliingia pale kama kifuniko kwenye sufuria yake. Nyundo hakuwa anarudia. Nyundo alikuwa anajibu.

Akamshukuru Mwalimu, akamwambia hajakosea kitu, akamsaidia kuteremsha besi mpaka chini. Aliporudi alikaa kwenye kiti kilichosukumwa ukutani, uso kwa uso na sebule tupu, na akaogopa kama alivyokuwa hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Si kwamba alikuwa amerudia. Mtu anaweza kurudia, akajirekebisha. Ni kwamba alirudia na ndani yake kila mara ilikuwa mpya.

Kesho yake alikuwa gereji kabla ya wafanyakazi. Nyundo alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wa gari, nyundo ya mpira mkononi. Hakuonyesha kushangaa.

"Tangu lini?" Kona aliuliza.

Nyundo alipitisha kiganja juu ya bati, kutafuta bonde. "Mwaka jana. Mwanzoni mara mojamoja. Sasa hivi kila Jumapili."

"Na ukanyamaza."

"Kilichopigwa hakizungumzwi. Sharti la nani lile?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi." Akasimama, magoti yakalia. "Ningekuambia ungefanyaje? Nakujua. Ungeiweka saksafoni juu ya kabati, ukae unatazama ukuta. Mimi ningepiga na nani?"

"Kwa hiyo ukanidanganya."

"Nilikujibu. Mtu akikuuliza jambo mara ya pili, unamnyamazia? Wewe uliuliza, mimi nikakujibu. Nilitafuta jibu zuri, nikaona linakufaa, nikalishika."

"Nikakufukuza kwa hilo."

"Ukanifukuza kwa hilo, ndiyo. Mke wangu amekutukana sana, usije ukapita kwangu wiki hii."

Kona hakucheka. Alikaa juu ya tairi, na maneno yakamtoka bila kupangwa. "Naogopa, ndugu yangu. Juzi nilisimama jikoni na ufunguo mkononi, sijui ni wa mlango gani. Mke wangu ananitazama, najua ameshaona. Ameniwekea miadi na daktari, anasema ni ya macho. Lakini hayo yote ningeyabeba. Hili la kupiga siwezi. Nikiwa na saksafoni mdomoni nilikuwa najua niko wapi."

Nyundo alikaa naye juu ya tairi. Hakumpapasa bega wala kumwambia itapita, na Kona alimshukuru kimoyomoyo. Kisha Nyundo akauliza, "Onyesho?"

"Tunapiga. Mimi na wewe, kama utanisamehe. Ila kwa sharti."

"Masharti yako yataniua, kaka."

"Nikirudia, nyamaza. Usinijibu, usinifunike. Inua vijiti, nisikie."

"Mbele za watu? Hapana."

"Mbele za watu ndiyo penyewe. Maisha yangu yote nimewatambia kwamba sirudii. Nikipanda pale nikarudia huku wewe unanitengenezea, nitakuwa tapeli, tena tapeli asiyejua. Afadhali nijue."

"Na ukishajua utafanya nini pale juu?"

"Sijui."

Walibishana mpaka wafanyakazi wakaanza kuingia na kuvaa ovaroli. Nyundo alikataa, akakataa tena, akasema yeye si hakimu, akasema mikono yake haijazoea kumwacha mtu njiani. Mwisho akasema sawa, na aliposema sawa alikuwa anaangalia kwingine.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa karibu wote, sijui meneja yule alitumia mbinu gani. Mke wa Kona alikaa safu ya mbele amevaa nguo yake ya harusi za watu. Mwalimu alikaa pembeni yake. Kona alitokea kwenye mwanga wa jukwaa. Akamwangalia Nyundo, Nyundo akaitikia kwa kichwa, na wakaanza.

Mwanzo ulikwenda vizuri, hilo aliliona hata asiyejua. Kona alinong'ona na saksafoni, akabweka, akaipandisha juu mpaka ikakaribia kupasuka, na Nyundo alikuwa pale kila mahali, chini yake, mbele yake. Woga ukaanza kumwachia. Kikaja kitu kikubwa, kipya, kikamjaa kifuani. Hakukitafuta, kilimjia chenyewe. Akakitoa.

Dramu zikanyamaza.

Aligeuka. Vijiti vilikuwa hewani, na uso wa Nyundo ulikuwa wa mtu anayeshikilia mzigo. Ukumbi mzima ukawa kimya, hata kukohoa hakuna. Kwa hiyo ndicho hiki, Kona aliwaza. Hiki hapa, nilichokiona kipya kuliko vyote jioni hii. Midomo ilikuwa bado kwenye saksafoni, na watu walikuwa wanangoja, na mkewe alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Akakimbia. Akatoa sauti ya chini kabisa, mbaya, ya kukoroma, mahali pengine kabisa, na Nyundo akashuka naye palepale kwa ngoma kubwa. Wakatembea hapo chini. Kona alipima kila noti kabla ya kuitoa, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Alikuwa anapiga huku anajichungulia. Alikwepa, akakwepa, akaona mahali peupe, akaingia kwa furaha.

Vijiti vikainuka tena. Safari hii watu waliegemea mbele kwenye viti vyao. Walidhani ndivyo ilivyotungwa. Kona alisikia ukumbi unavuta pumzi naye, na akatamani kuiweka saksafoni chini, ashuke ngazi, aende zake nyumbani. Hakuna ambaye angemzuia. Alifunga macho ili asimwone Nyundo wala mkewe, na akapuliza tu, bila kuchagua, kwa sababu pumzi ilikuwa ipo.

Na Nyundo akaingia. Tangu hapo hakunyamaza tena. Kona alingoja kimya kije, kila dakika alikingoja, na hakikuja, na kilivyozidi kutokuja mwili ulimlegea, akaenda, akapanda, akafika mahali ambapo hajawahi kufika tangu aanze kushika chombo kile. Machozi yalimtoka akiwa bado anapiga. Nimetoka, alijiambia. Nimepita. Walipomaliza watu walisimama, na hata muuza dawa wake alisimama, amefunika mdomo kwa kiganja.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba kidogo chenye kioo na viti viwili. Meneja aliingia kwanza, macho yanamng'aa. "Kile kimya," alisema, "mlikifanyia mazoezi muda gani? Watu walishindwa kupumua."

"Sisi hatufanyi mazoezi, mama," Kona alimjibu, na meneja akacheka akaenda kuwapokea wageni.

Kona alifungua sanduku lake. Alikuwa anacheka peke yake. "Mara mbili tu," alisema. "Mimi niliogopa utaninyamazia jioni nzima. Mara mbili, halafu nikatoka. Ulinisikia pale mwisho? Sijawahi kufika pale, ndugu yangu. Sijawahi."

Nyundo alikuwa anafuta toazi kwa kitambaa. Aliendelea kufuta mahali ambapo palishang'aa.

"Nyundo."

"Pale mwisho ilikuwa ileile," Nyundo alisema. "Yote, tangu ulipofumba macho. Ya kwanza nilinyamaza, na ya pili nikanyamaza. Ya tatu mikono ilinishinda. Nisamehe."

Kona alikaa kwenye kiti. Alijitafuta ndani akitaka kukasirika, maana aliahidiwa, na alikuwa na haki. Alikuta woga, umekaa palepale alipouacha. Lakini ile furaha nayo ilikuwa bado ipo, hata baada ya kuambiwa. Haikuondoka, na hakujua afanye nayo nini. Aliipakata saksafoni mapajani kama mtoto aliyelala.

"Ilikuwa nzuri?" aliuliza.

"Kaka, ilikuwa nzuri kuliko mara zote."

Nje watu walikuwa bado wanaongea kwenye ngazi. Kona aliifuta saksafoni mate, taratibu, akailaza sandukuni, akafunga vibanio kimoja kimoja.

"Jumapili tutapiga nini?" aliuliza. Katika miaka yote ile hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

Nyundo aliingiza toazi kwenye mfuko wake, akavuta zipu.

"Ileile," alisema. "Nitakuja kukuchukua mwenyewe."